Kutoka Kushika Dekio Hadi Kumiliki Kampuni ya Usafi: Mwongozo kwa Mhamiaji Aliyeko Marekani

Miongoni mwa Waswahili tulioko ughaibuni, kazi yoyote ya mikono inayofanywa usiku au alfajiri huitwa kubeba boksi, hata kama hakuna boksi linalobebwa. Mhasibu aliyetoka Dar es Salaam na shahada yake anabeba boksi, mwalimu wa sekondari aliyekimbia vita vya Kivu anabeba boksi, na mimi niliyekuwa karani Tanga nilibeba boksi kwa miaka minne katika majengo ya ofisi ya jiji la Columbus, jimbo la Ohio, nikiingia saa kumi na mbili jioni wenye meza zao wanapoondoka, na kutoka saa sita usiku mikono ikinuka dawa ya choo. Leo nina kampuni ndogo ya usafi yenye wafanyakazi kumi na mmoja. Mwongozo huu unaeleza njia niliyopita, pamoja na makosa yake, kwa ajili ya ndugu ambaye bado anashika dekio la mwajiri na angependa siku moja ajiajiri.

Nimejifunga kwenye usafi wa majengo kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Anayetaka kufungua nyumba ya kulelea wazee au kununua lori la masafa marefu atakutana na sheria nyingine na mitaji mingine. Usafi una faida tatu: hauhitaji leseni ya taaluma, vifaa vyake vya kuanzia vinaenea kwenye buti la gari, na elimu yake yote hupatikana kazini huku ukilipwa. Hasara yake inatokana na faida hizohizo, kwamba kila mtu anaweza kuanza, kwa hiyo wengi huanza, na biashara nyingi kati ya hizo hufa mapema bila mwenyewe kuwa mvivu wala kushindwa lugha. Wanakosea bei. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu bei, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Hakikisha kwanza kibali chako kinaruhusu

Sheria ya Marekani haimkatazi mgeni kuwa na hisa katika kampuni, lakini kuifanyia kazi kampuni hiyo, hata kama ni yako mwenyewe, kunahitaji ruhusa ya kufanya kazi. Mkimbizi, aliyepewa hifadhi, mwenye ukaazi wa kudumu na mwombaji hifadhi aliyekwisha kupata kadi ya kufanyia kazi wanaweza kujiajiri. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hawezi kujiendea tu kufungua biashara na kuanza kudeki ofisi za watu, na mwenye viza ya kazi ya H-1B amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Ukiwa na shaka yoyote, mwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni. Usimtegemee mjaza fomu wa dukani anayejitangaza kuwa ni mthibitishaji wa hati, kwa kuwa katika nchi hii mthibitishaji anashuhudia sahihi tu na haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria.

Igeuze zamu yako ya usiku kuwa darasa

Usiache kazi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona vijana walioacha ajira Ijumaa ili wawe wakurugenzi Jumatatu, na kufikia mwezi wa tatu wakawa wameomba kurudishwa. Muda wa kuwa mwajiriwa ndio wakati pekee ambapo mtu mwingine anagharimia makosa yako, na sisi watu wa pwani tuna mfano wa zamani wa jambo hili. Alidina Visram alifika Bagamoyo akiwa kijana mdogo kutoka Kutch, India, katika karne ya 19, akafanya kazi chini ya tajiri Sewa Haji Paroo, akijifunza bidhaa gani inakwenda bara na msafara gani unalipa, kabla ya kuwa na maduka yake mwenyewe kwenye njia za misafara na baadaye kandokando ya reli ya Uganda. Alipofariki mwaka 1916 alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa Afrika Mashariki, na shule ya sekondari yenye jina lake ipo Mombasa hadi leo.

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila usiku, kwa muda wa miezi mitatu angalau, pima kazi kwa dakika. Andika umetumia dakika ngapi kusafisha choo kimoja pamoja na sinki na kioo chake, sekunde ngapi kwa kila ndoo ya taka unayomwaga na kuivisha mfuko mpya, dakika ngapi kufyonza vumbi kwenye zulia la chumba chenye meza nyingi, na ngapi kwenye ukumbi mtupu wa ukubwa uleule. Katika daftari langu choo na sinki lake vilikula dakika sita, ndoo ya taka nusu dakika, na futi za mraba 1,000 za zulia lenye meza zilihitaji dakika ishirini kwa mashine ya kusukuma, lakini dakika kumi na mbili tu kwa mashine ya kubeba mgongoni. Tofauti hiyo ya dakika nane ndiyo iliyonifanya baadaye ninunue mashine ya mgongoni kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Ili dakika hizo ziwe na maana, lazima ujue ukubwa wa chumba, na hapa nitakupa ujanja nilioachiwa na fundi mmoja wa dari. Katika ofisi nyingi za Marekani dari limepangwa kwa mbao nyepesi zenye vipimo maalumu, ama futi mbili kwa mbili, ama futi mbili kwa nne. Inua macho, hesabu mbao kwa urefu na kwa upana, kisha zidisha. Chumba chenye mbao kumi kwa sita za futi mbili kwa nne kina mbao sitini, kila moja ina futi nane za mraba, kwa hiyo chumba kina futi za mraba 480. Hakuna anayekushangaa ukitazama juu, ilhali ukitembea na futi kamba mkononi ungali mwajiriwa, msimamizi ataanza kuuliza maswali.

Jifunze pia dawa. Soma kibandiko cha kila chupa, hasa muda ambao dawa ya kuua vijidudu inatakiwa kubaki imelowa juu ya sehemu iliyopakwa, kwani dawa nyingi huhitaji dakika kadhaa, baadhi hadi kumi, na wengi wetu huifuta papo hapo na hivyo kufuta pesa bila kuua kijidudu hata kimoja. Usichanganye kamwe dawa yenye klorini na yenye amonia, wala na dawa kali ya choo yenye tindikali, kwa sababu mvuke wake hudhuru mapafu. Tenga vitambaa kwa rangi, vyekundu viwe vya choo tu na visiguse meza ya mtu. Fanya kazi kutoka juu kwenda chini na kutoka ndani kuelekea mlangoni.

Mwajiri wako akitafuta mtu wa kubaki usiku wa Jumamosi kuondoa nta kuukuu sakafuni, jitolee kabla hajamaliza kusema. Kazi ya sakafu hulipwa vizuri kuliko kudeki, na wachache wanaiweza. Nililijifunza hilo kwa aibu, maana usiku wangu wa kwanza niliiacha dawa ya kuondoa nta ikauka kwenye vigae vya vinili huku nikinywa chai, ikageuka utando mweupe ambao ulibidi tuusugue upya hadi alfajiri. Dawa hiyo hukaa sakafuni kama dakika kumi ikiwa imelowa muda wote, kisha husuguliwa kwa mashine yenye pedi nyeusi, maji machafu hufyonzwa, sakafu husuuzwa mara mbili, na nta mpya hupakwa katika matabaka membamba manne au matano, kila tabaka likisubiriwa likauke kabisa.

Jambo moja la heshima kabla sijaendelea: ukiwa mwajiriwa, usiwashawishi wateja wa mwajiri wako. Mikataba mingi ya ajira ina kipengele kinachokataza jambo hilo, na hata usipokuwa nacho, mji ni mdogo kuliko unavyodhani.

Karatasi

Hatua hii inawatisha wengi kuliko inavyostahili. Katika Ohio unasajili kampuni ya dhima yenye kikomo, ile inayoitwa LLC, katika ofisi ya katibu wa jimbo kwa ada ya dola 99, na unaweza kufanya hivyo kwa simu yako. Baada ya hapo unaomba namba ya mwajiri, yaani EIN, kutoka mamlaka ya kodi ya shirikisho, IRS, bila malipo yoyote. Tovuti zinazotoza dola 200 au 300 kwa namba hiyo si za serikali. Wiki chache baada ya usajili utaanza kupokea barua zenye nembo za tai na maneno makali, zikikudai ada ya cheti fulani au mabango ya sheria za kazi. Nilipopokea ya kwanza nililala nikiwa na wasiwasi, nikaamka nikaisoma tena kwa utulivu, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ilikiri kuwa haikutoka serikalini.

Fungua akaunti ya benki ya kampuni peke yake, na usinunulie unga wa ugali kwa kadi hiyo. Kata bima ya dhima, yaani ya kulipia hasara utakayomsababishia mtu mwingine kazini, ambayo wateja wengi wa ofisi hutaka iwe ya angalau dola milioni 1 kwa tukio, pamoja na dhamana ya uaminifu inayomlinda mteja endapo mfanyakazi wako ataiba. Fahamu kwamba dhamana hii haikulindi wewe, kwa kuwa kampuni iliyoitoa ikimlipa mteja, itakuja kukudai. Ohio pia inatoza kodi ya mauzo kwenye huduma za usafi wa majengo, kwa hiyo unahitaji leseni ya muuzaji, unaiongeza kodi hiyo juu ya ankara, na fedha unazokusanya ni za jimbo. Ukizitumia kulipia kodi ya nyumba, umekopa kwa mtu asiyesamehe.

Kodi ya mapato ndiyo inayowaumiza waliozoea ajira, kwa sababu hakuna tena anayekukata kabla hujalipwa. Aliyejiajiri hulipa asilimia 15.3 ya pato halisi kwa ajili ya pensheni na matibabu ya uzeeni, mbali na kodi ya kawaida ya mapato, na juu yake jiji la Columbus huchukua asilimia 2.5. Makadirio ya shirikisho hulipwa mara nne kwa mwaka, kwa kawaida tarehe 15 ya Aprili, Juni, Septemba na Januari. Mimi huhamisha robo ya faida ya kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni ambayo sina kadi yake.

Bei

Mteja wangu wa kwanza alikuwa ofisi ya futi za mraba 6,000 upande wa kaskazini wa mji, si mbali na barabara ya Morse ambako maduka ya Wasomali, Waethiopia na Wakongo yamepangana. Walitaka usafi wa usiku tano kwa wiki. Nilijua kwa daftari langu kwamba kazi ile huchukua saa mbili na robo kila usiku. Wiki 52 mara usiku tano ni mara 260 kwa mwaka, yaani karibu mara 21.7 kwa mwezi, ambazo ni takribani saa 49. Wakati huo nililipwa dola 13 kwa saa, nikazidisha, nikapata kama dola 635, nikaandika 650 na kujiona mjanja kwa kuongeza kumi na tano. Meneja wa ofisi alikubali kabla hajakaa vizuri kitini, na hilo peke yake lilipaswa kunitia shaka.

Nilifanya kazi hiyo mwenyewe, baada ya zamu yangu ya kawaida. Mwezi wa tatu niliketi jikoni na risiti zangu. Nilikuwa natumia dakika ishirini na tano kwenda na ishirini na tano kurudi, ambazo kwa mwezi ni saa kumi na nane nilizokuwa sijazihesabu hata kidogo. Mafuta yalikula dola 80, dawa na mifuko dola 55, bima dola 60. Zilibaki dola 455 kwa saa 67, na baada ya ile kodi ya aliyejiajiri nilikuwa nalipwa chini ya dola 6 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara Ohio kwa mwaka 2025 kilikuwa dola 10.70. Hakuna mwajiri ambaye angethubutu kunilipa nilichojilipa mwenyewe.

Kosa langu halikuwa la hesabu ya kuzidisha. Nilijipangia bei kana kwamba nitaifanya kazi hiyo milele kwa mikono yangu na kana kwamba barabara, dawa na bima ni sadaka. Bei sahihi huanza kwa kudhani kwamba kazi itafanywa na mtu uliyemwajiri, hata kama usiku wa leo mtu huyo ni wewe. Chukua ofisi ileile. Saa 49 kwa mshahara wa dola 15 ni kama dola 731. Ongeza gharama za mwajiri, yaani ile asilimia 7.65 unayomchangia mfanyakazi serikalini, bima ya kukosa kazi na bima ya ajali kazini, ambazo mimi huzikadiria kwa jumla ya asilimia 12, nazo ni dola 88. Hapo umefika dola 819. Weka dola 55 za dawa na vifaa, dola 70 za mafuta na muda wa kwenda kukagua, na dola 85 ambazo ni fungu la jengo hili katika bima, simu na mtunza vitabu. Jumla ni dola 1,029, na bado hujapata hata senti ya faida.

Sasa iko hatua ambayo wengi huikosea hata wakiwa wasomi. Ukitaka faida iwe asilimia 20 ya bei, usiongeze asilimia 20 juu ya gharama, kwa kuwa utapata dola 1,235 na faida yako itakuwa chini ya asilimia 17 ya bei hiyo. Gawanya gharama kwa 0.8, utapata dola 1,286, nawe uandike 1,290 kabla ya kodi ya mauzo. Hiyo ni mara mbili, bila dola kumi, ya bei niliyotoa. Ukigawa kwa ukubwa wa ofisi ni senti ishirini na moja na nusu kwa futi ya mraba, lakini nakuonya usitumie bei ya futi peke yake kama wafanyavyo wengi, kwa sababu ofisi ya wanasheria wanane yenye vyoo viwili na kliniki ya watoto yenye vyoo saba zinaweza kuwa na ukubwa sawa huku kazi yake ikitofautiana kama mchele na mtama.

Kuwapata wateja bila kuwanunua

Katika mwaka wangu wa kwanza nilivutwa na kampuni moja iliyoniahidi wateja tayari iwapo ningelipa ada ya kutumia jina lake. Nililipa. Wateja niliopewa walikuwa mbali, mmoja kusini ya mbali na mwingine ng'ambo ya mji, kwa bei ambayo kampuni ilikuwa imeshaipanga yenyewe, na kila mwezi ilikata sehemu yake kabla ya kunitumia hundi. Sisemi kwamba mipango yote ya namna hiyo ni mibaya. Nasema kwamba sheria ya shirikisho inamtaka muuzaji wa haki hizo akukabidhi waraka wa maelezo siku 14 kamili kabla ya kusaini au kulipa chochote, na kwamba mimi nilisaini bila kuusoma kwa sababu ulikuwa mnene na Kiingereza chake kigumu. Uchukue waraka huo, mpe wakili au rafiki anayejua hesabu, na piga bei zao kwa njia niliyoeleza hapo juu.

Wateja walionijenga niliwapata kwa miguu. Nilichagua majengo ya futi za mraba 2,000 hadi 8,000, kama ofisi za bima, kliniki za meno, makanisa na shule za chekechea, kwa kuwa makampuni makubwa hayahangaiki nayo na mfanyakazi mmoja anayamudu. Nilikwenda saa nne asubuhi katikati ya wiki, nimevaa shati lililopigwa pasi, na kumwomba msimamizi wa ofisi dakika tano. Mara nyingi nilikataliwa kwa adabu. Aliyenifundisha la kusema alikuwa mama mmoja kutoka Bukavu, mwenye kampuni kubwa kuliko yangu hadi leo, ambaye kila nilipomwamkia shikamoo alicheka kwanza ndipo akaitikia.

"Mwanangu," aliniambia, "ukifika pale usianze kujisifu. Muulize yule wa kabla yako alimkosea wapi, halafu nyamaza."

"Na asiposema, mama?"

"Atasema. Watu wa maofisini wanangoja tu kuulizwa habari za choo."

Ilikuwa kweli. Msimamizi mmoja alinyanyuka, akanipeleka hadi jikoni kwao, akapitisha kidole juu ya jokofu na kunionyesha vumbi bila kusema neno. Niliandika jambo hilo kama kipengele cha kwanza cha zabuni yangu, kabla hata ya vyoo, na kazi nikapewa ingawa sikuwa wa bei ya chini. Kwa hiyo unapozungushwa kwenye jengo, hesabu dari, hesabu vyoo na ndoo za taka, uliza nani ananunua karatasi za chooni na mifuko, uliza namba ya siri ya king'ora itatunzwa na nani, lakini zaidi ya yote andika malalamiko kwa maneno yao wenyewe.

Mtaji na pengo la siku sitini

Mimi nilianza kwa zamu yangu ya upatu, uliokuwa na watu kumi waliochangia dola 200 kila mwezi. Upatu, au chama kama wanavyouita ndugu wa Kenya, ni mtaji mzuri usio na riba, ila una udhaifu mmoja katika nchi hii: hata ukichanga miaka kumi bila kukosa, hauonekani popote katika rekodi ya mikopo ambayo benki huitazama. Kwa hiyo sambamba na upatu fungua kadi ya mkopo yenye amana, ile unayoiwekea kwanza fedha zako kama dhamana, itumie kwa mafuta tu, na uilipe yote kila mwezi. Kwa anayekwepa riba kwa sababu ya dini, Kiva, shirika la kukopeshana mtandaoni, hutoa mikopo ya hadi dola 15,000 kwa biashara ndogo za Marekani bila riba. Asiyejali riba anaweza kuangalia mikopo midogo ya SBA, idara ya shirikisho ya biashara ndogo, inayofika dola 50,000 na hutolewa kupitia taasisi zisizo za faida.

Fedha hizo usizimalizie kwenye mashine. Ziwekee pengo. Mteja wa ofisi hupokea ankara mwisho wa mwezi na mara nyingi hulipa baada ya siku thelathini, ilhali mfanyakazi wako anataka mshahara kila wiki mbili. Kwa ile ofisi ya dola 1,290, utakuwa umelipa zaidi ya dola 1,600 za mishahara na michango yake kabla hujaona hundi ya kwanza. Ukipata wateja watatu kama hao kwa mwezi mmoja, jambo ambalo kila mtu angeliita baraka, unahitaji karibu dola 5,000 benki au utashindwa kulipa watu. Nimeona kampuni ikifa kwa kupata kazi nyingi kwa mpigo.

Mfanyakazi wa kwanza

Ajiri mapema kidogo kuliko unavyojisikia tayari, mara tu kazi za usiku mmoja zinapokula zaidi ya saa nne. Usimwite mfanyakazi mkandarasi ili ukwepe michango. Kama wewe ndiye unayempangia saa, unayempa dekio na unayemwelekeza afanye nini, sheria inamtambua kuwa mwajiriwa, na kukosea hapo hudaiwa pamoja na faini. Jaza naye fomu ya I-9, inayothibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi nchini, ndani ya siku tatu za kazi tangu aanze. Bima ya ajali kazini katika Ohio hainunuliwi kwa kampuni binafsi, bali kwa mfuko wa jimbo. Muda anaotumia kutoka jengo moja kwenda jingine ndani ya zamu ni muda wa kazi na hulipwa, na zikizidi saa arobaini kwa wiki, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu.

Kuhusu kuajiri ndugu, nitasema kwa ufupi kwamba niliajiri mpwa wangu na ilinichukua miezi sita kupata maneno ya kumwambia dada yangu kwa nini haendelei. Kama lazima umwajiri wa nyumbani, mpe msimamizi asiye wa nyumbani.

Ukaguzi fanya kwa tochi. Iweke tochi chini sakafuni, mwanga ukitambaa kwenye vigae, na kila mstari wa maji ya deki utaonekana. Pitisha kidole juu ya fremu ya mlango na juu ya jokofu. Acha karatasi ya maelezo nyuma ya mlango wa stoo, kwa Kiswahili kama wafanyakazi ni Waswahili, ikitaja chumba kwa chumba, kwa sababu mtu anayeanza zamu saa nne usiku baada ya kazi nyingine hapaswi kutegemea kumbukumbu.

Kupandisha bei, na kuondoka

Kila mwaka rudia kipimo cha dakika katika kila jengo, kwa kuwa ofisi huongeza watu, meza na ndoo za taka bila kukuarifu. Bei ikihitaji kupanda, mwandikie mteja barua siku sitini kabla ya mkataba kutimiza mwaka, na uambatanishe hesabu yako ya saa. Wengi wamenikubalia, baadhi wakiomba tupunguze siku moja ya wiki ili wabaki kwenye bajeti yao, na hilo ni pendekezo halali linalostahili kusikilizwa.

Yule mteja wangu wa dola 650 hakukubali. Nilimpelekea barua mwezi wa nane, meneja akaisoma mara mbili na kuniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu zuri. Nilimpa notisi ya siku thelathini kama mkataba ulivyotaka, na usiku wa mwisho nilisafisha ofisi ile kuliko nilivyowahi kuisafisha, nikafuta hata juu ya fremu za milango. Asubuhi yake nilirudi na funguo tatu na kadi moja ya mlango, nikamwomba abadilishe namba ya king'ora nikiwa nimesimama palepale, na nikampa karatasi niliyoiandaa ya kupokea funguo ili asaini na kuweka tarehe. Nakala yake iko kwenye faili hadi leo. Usiondoke kwenye jengo la mtu bila karatasi hiyo.